Shamba Ambamo Hatukuzika Mtu

Mmbone mwanangu,

Mambo ya sweta, ya dawa ya kifua na ya kupiga simu ukifika nimemwachia shangazi yako Rispa, kwa sababu anayajua vizuri na ana nguvu ya kuyarudia bila kuchoka. Mimi niko hapa stoo, nimekaa juu ya gunia la mbegu, nakuandikia. Nyinyi mko jikoni. Namsikia rafiki yako Chebet akikufundisha kusema "ng'ombe" kwa Kidenmaki, lugha ya huko uendako, na najua hajui hata neno moja, anabuni tu. Unacheka mpaka unakohoa. Nimeshindwa kuja kukaa nanyi kwa sababu nikikaa hapo nitalia, na wewe unanijua, nikianza sinyamazi upesi.

Wiki iliyopita uliniambia jambo, nikakujibu kwa ukali, nikatoka kwenda kufunga ndama ambaye alikuwa ameshafungwa. Ulisema, "Baba, uza hii shamba. Jirani yetu Kiptoo wa ng'ambo ya njia anaitaka, na si mtu mbaya. Enda Nakuru, Section 58, ukae na Auntie, upumzike. Hapa hutawahi kuwa mtu wa hapa, hata ukae miaka mia." Sikukasirika kwa kuwa ulinikosea heshima. Nilikasirika kwa kuwa maneno yale niliyatambua. Ni yangu. Umekua ukiyasikia kwangu, siku nyingine kwa mdomo, siku nyingi kwa vitendo tu. Sasa unaondoka, na sitaki uondoke bila jibu la maana.

Nianze na babu yako Zakayo, maana wiki ijayo utakuwa unafanya kazi yake. Alitoka Maragoli akiwa kijana akaja kuandikwa na mzungu mmoja huko upande wa Molo, kukamua. Alikamua mpaka mvi zikamjaa kichwani, na mzungu akaendelea kumwita "boi" mbele ya watoto wake. Siku zile Mwafrika kwenye shamba la mzungu hakuruhusiwa kufuga ng'ombe wake wa gredi, wale wa kizungu wa maziwa mengi. Babu yako aliwashika wale ng'ombe kila alfajiri, akawazalisha, akawatibu, lakini kumiliki hata ndama mmoja ilikuwa kosa. Wazungu walipoondoka na mashamba yakagawanywa, kila mtu alinunua pamoja na watu wa kwao. Yeye watu wa kwao hawakuwa hapo. Aliambiwa na Waafrika wenzake, kwa upole kabisa, "Mzee, wewe rudi kwenu." Akarudi Maragoli, kwenye kipande cha ardhi ambacho ukitema mate yanaangukia kwa jirani. Hakukaa sana, akafa.

Mimi niliapa mbele ya jeneza lake kwamba hakuna mtu wa damu yangu atakayekamua ng'ombe wa mzungu tena. Nilikuwa kijana, na nilikuwa na haki ya kuapa. Leo binti yangu amesomea kilimo, amepasi, amezunguka hapa nchini na vyeti vyake mpaka bahasha ikachanika, na kazi aliyopata ni kukamua ng'ombe wa mzungu huko kwao. Na mimi nimepiga magoti kuomba Mungu upewe visa. Hebu cheka. Nimejaribu kucheka mwenyewe, nikashindwa.

Shamba hili nililipata na mama yako kabla hujazaliwa. Tulikuja juu huku Olenguruone tukiwa hatujui baridi. Jirani yetu Mama Chebet, wakati huo akiwa bado mama kijana, alitukuta tunapanda mahindi ya kule kwetu, akashika kiuno akasema, "Nyinyi watu, hiyo mahindi itangoja Yesu." Akatuonyesha viazi, akatuletea mbegu kwenye beseni. Watoto wake na wewe mlikula kwenye sufuria moja. Ulipoanza kuongea uliongea lugha yao kabla ya yetu, mama yako akawa anakuomba umtafsirie. Nakuambia haya ili usije ukasimulia watu huko kwamba tuliishi kati ya maadui. Si kweli.

Halafu ukaja uchaguzi ule, na vurugu zake za kikabila. Ulikuwa mdogo, unakumbuka moshi tu, na paka uliyemwacha. Tulikimbilia kwa Rispa Section 58, tukalala sebuleni. Waliokuja kutuambia tuondoke walikuwa vijana niliowajua kwa majina. Na aliyetuficha mpaka gari likapatikana alikuwa Baba Chebet, baba wa mmoja wao. Tuliporudi, ng'ombe wetu alikuwa zizini kwake, amenona kuliko tulivyomwacha. Alinirudishia kamba, akasema, "Huyu mnyama yako anakula sana." Mpaka leo hatujawahi kulizungumzia.

Tuliporudi, mwanangu, nilirudi mwili tu. Wewe umesoma kilimo kwa vitabu, lakini kuna kilimo ambacho hukufundishwa darasani, na umekila kila siku. Ni kilimo cha mtu anayengoja kufukuzwa. Sisi wote wa kutoka kwingine tuliobaki juu huku tulilima hivyo, na hakuna aliyemwambia mwenzake. Tulipanda viazi vya shangi, na shangi tu, kwa sababu baada ya miezi mitatu iko kwenye gunia na gunia liko kwenye lori. Mwaka wa uchaguzi tulipanda msimu wa kwanza tukaacha ardhi wazi. Hatukupanda miti. Hatukujenga kwa mawe. Nyumba hii yetu ya mbao, misumari yake sikuigonga mpaka mwisho, niliacha vichwa nje ili siku ya kung'oa isinisumbue. Wewe ulitundika yunifomu juu ya misumari hiyo tangu nasari, ukadhani kila nyumba iko hivyo.

Majirani walipanda chai. Mama yako aliitaka sana ile chai. "Joram," aliniambia, "hata laini moja, huko juu kando ya njia, wapita njia waione." Nikamwambia chai inachukua miaka, na tutamchumia nani? Aliuliza tena mwaka uliofuata. Nikamjibu vilevile. Baada ya hapo hakuuliza.

Nilidhani najificha. Kumbe nilikuwa naonekana na kila mtu. Mtu akipita njiani akaona shamba la Baba Chebet lina chai, lina miti ya babu yake, lina nyumba ya mawe, halafu langu lina viazi vya miezi mitatu na nyumba yenye misumari nje, anaelewa nini? Anaelewa kwamba huyu anapita. Mwenyewe ndiye niliyekuwa nikiwaambia hivyo kila msimu.

Mama yako alipougua, ulikuwa kidato cha pili, na mengi unayajua. Lakini siku moja hukuwapo. Tulikuwa tumerudi kutoka hospitalini Nakuru, ameketi nje kwenye jua na blanketi. Akaniambia, "Nikienda, mniweke pale juu, penye upepo. Niwe naona viazi vyenu vibaya." Alikuwa anatania, na hakuwa anatania. Nikamwambia aache maneno hayo. Sikumwambia ndiyo. Nimeirudia siku hiyo kichwani mara nyingi, na kila mara namkuta anangoja jibu.

Alipofariki, uchaguzi ulikuwa mwaka uliofuata. Baba yako mkubwa Enos alipiga simu kutoka Vihiga, kule kwetu Maragoli: "Mleteni nyumbani. Huko si kwenu, watakuja kulima juu yake." Nilimwona mke wangu chini ya jembe la mtu mwingine, sisi tukiwa tumelala tena sebuleni kwa watu. Basi nikasema tunampeleka. Wewe ulinishika shati ukaniambia, "Baba, Mama aliniambia hapa." Nikakuambia wewe ni mtoto. Hilo neno nalijutia kuliko mengine yote niliyowahi kukuambia.

Asubuhi gari lilipokuwa linapakiwa, Mama Chebet alikuja na kibuyu cha maziwa na kina mama wenzake, wamevaa vizuri, wamekuja kukaa na msiba. Walidhani tunazika. Vijana wake walikuwa nyuma na majembe. Aliangalia gari, akaniangalia mimi.

"Baba Mmbone, mnampeleka wapi?"

"Nyumbani, mama."

"Nyumbani ni wapi? Huyu si ametoka kwa hii nyumba?"

Akaweka kibuyu chini, taratibu, akasema, "Kumbe miaka hii yote mlikuwa wageni. Si mngetuambia tu." Akaondoka, na wale vijana wakaondoka na majembe yao. Nilimwona akipangusa uso kwa leso mpaka alipopotea kwenye kona.

Kule Maragoli unakukumbuka kuliko mimi. Kina mama walikuzungumzisha kwa lugha yetu, ukajibu kwa Kiswahili, wakacheka, "Huyu ni wa Rift." Uliwauliza kama wanajua mama yako alizoea kulalia upande gani, hakuna aliyekujibu kwa sababu hakuna aliyemjua vya kutosha. Tulimweka pembeni mwa boma la Enos, kati ya ndizi na choo. Tukirudi garini ulisema, bila kunitazama, "Umemwacha na watu hawajui jina yake ya pili." Halafu ukakaa muda mrefu bila kuniita baba. Ulikuwa unasema "mzee", kama kondakta. Nilistahili.

Mwaka uliofuata uchaguzi ukaja, ukapita, na hakuna aliyetugusa. Ningemzika hapa angelala salama.

Halafu ikaja ile kesi ya mpaka. Jirani wa chini, yule mpya wa kabila la hapa aliyenunua kwa Wachira, jirani yetu wa zamani, aliposogeza ua wake ndani ya shamba letu, niliitisha wazee. Nilikuwa na uhakika. Stakabadhi zangu ziko sawa, na wazee walinijua. Tuliketi kwenye nyasi kwa chifu, nikaeleza vizuri, nikaona vichwa vinatikisika kukubali. Kisha kijana mmoja wa upande wa pili, wala hakuwa na ukali, akasimama akauliza swali moja.

"Mzee Joram, na heshima zote. Kama hapa ni kwenu, kaburi yenu iko wapi?"

Nilimtazama Baba Chebet, mtu aliyetuficha siku ile. Aliangalia viatu vyake. Hakuwa ananichukia, mwanangu. Angesema nini? Mke wake alikuja kwangu na maziwa na majembe, nikamrudisha. Tulipoteza ile sehemu ya chini, ambayo ndiyo yenye maji. Ukiuliza nani alinipokonya, nitakuambia kuna mtu alisogeza ua, ni kweli, na kuna siasa za nchi hii zinazopanga watu kwa majina yao, na hiyo ni kweli zaidi. Lakini lile swali nililipalilia mimi mwenyewe.

Sasa wewe unaenda. Umenionyesha picha ya mwenye shamba kwenye simu, na mke wake na mbwa. Anaonekana mtu mzuri. Pengine ni mzuri kweli. Utakuwa mweusi peke yako katika zizi lile, na pengine katika kanisa na katika duka. Wako watakaokudharau waziwazi, na hao sina wasiwasi nao, una mdomo kama wa mama yako. Ninaowaogopa ni wale wa upole. Watakuuliza, "Unarudi kwenu lini?" huku wakikumiminia kahawa. Hapa nimeulizwa swali hilo kila Desemba na watu wanaonipenda: "Krismasi hii mnaenda nyumbani?" Nami nilijibu, "Ndiyo, tunaenda nyumbani," nikiwa nimesimama mlangoni pa nyumba yangu. Niliona ni adabu kujibu hivyo. Ukijibu hivyo kwa muda mrefu, mtoto wako anakusikia.

Sijui utakaa huko muda gani. Ulisema mwaka mmoja na nusu, lakini nimewaona walioondoka. Siwezi kukuambia urudi, kwa sababu nikuambie urudi kwenye nini? Kwenye viazi? Na siwezi kukuambia ubaki, kwa sababu moyo wangu hauwezi kuandika hilo neno. Ninachoweza kusema ni kwamba usikae huko jinsi mimi nilivyokaa hapa. Usiache nguo ndani ya sanduku. Ukipewa kona ya bustani, panda kitu kinachochelewa kukomaa. Ukiumizwa, useme ukiwa bado unaumia, si miaka baadaye kwenye barua. Na wakikukosea, wakafanya makosa ya kweli kwa sababu ya rangi yako, usijilaumu kama mimi ninavyojilaumu usiku huu. Mimi nina sababu zangu. Wewe hujafanya kitu.

Nirudi kwenye swali lako. Sitauza.

Leo asubuhi, mlipokuwa Nakuru na Rispa mkitafuta viatu vya baridi, nilienda kwa Baba Chebet. Nilimkuta ananoa jembe kwa jiwe.

"Mzee, nisindikize kwa shamba."

"Kuna nini? Ng'ombe?"

"Nataka nikuonyeshe mahali nitazikwa."

Aliacha kunoa. "Joram, wewe ni mgonjwa?"

"Siko mgonjwa."

"Na watu wa kwenu watasema aje?"

"Kwetu ni wapi?" nikamuuliza.

Akachukua kofia. Tulipanda mpaka pale juu penye upepo. Mama Chebet akatuona, akaja nyuma yetu, mikono bado ina unga. Nilipowaonyesha mahali, akapiga chini kwa mguu akasema, "Hapa ni mawe tupu. Mnataka vijana wachimbe mpaka lini? Songeni huku." Tukasonga. Baba Chebet akachukua kijiti akakichomeka, akasema hata kama atakuwa ametangulia, wanawe watakuwa wanajua. Nilitaka kuwashukuru.

Ndipo Mama Chebet akauliza, "Na Mama Mmbone je? Yeye atabaki huko peke yake?"

Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kwa kuwa alimpenda. Nilisimama pale, mwanaume mzima, nikalia mbele yao, na hakuna aliyeniambia ninyamaze.

Kumhamisha mama yako siwezi. Nilimuuliza Enos mwaka jana, akasema maiti aliyelala haamshwi, na kwamba boma lake litalaaniwa. Nimemfikisha mahali ambapo siwezi kumtoa. Kama nikizikwa Vihiga nitakuwa kando yake, kati ya ndizi na choo, na shamba hili litakuwa la watu waliopita. Kama nikizikwa hapa, nimemwacha mara ya pili. Nimelizungusha hili tangu Januari, na hakuna upande usioumiza. Nimechagua kwa ajili yako, hata kama hutarudi.

Kwa hiyo naomba jambo moja tu. Siku hiyo ikifika, simu ya kwanza itatoka kwa Enos. Atasema nipelekwe nilale na mke wangu. Atalisema vizuri, na kila mtu atakubali, na wewe mwenyewe, nakujua, utataka iwe hivyo, kwa sababu ulimpenda kuliko ulivyonipenda mimi, na hapo sikulaumu. Ukiwa huko mbali, utaona ni rahisi kusema sawa. Usiseme sawa. Mpigie Chebet, umwambie awaambie wazee wake. Mimi nililala na mama yako kitanda kimoja kwa miaka yote ya ndoa yetu, na sasa nakubali kulala mbali naye, ili mtu akikuuliza kaburi lenu liko wapi, usimame hapa juu kwenye upepo umwonyeshe.

Chakula kinapoa, wameniita mara mbili. Nakuja.

Ni mimi baba yako, wa hapa Olenguruone,
Joram